Adabu ya Kutazama

Katika mambo ambayo mtu hujifunza ugenini pasipo kufundishwa na mwalimu yeyote, kubwa kwangu limekuwa hili, kwamba kutazama nako kuna adabu zake, kama kula na kuzungumza, na kwamba asiyezijua adabu hizo aweza kuzunguka miji yote ya dunia akarudi kwao hajaona kitu. Fikira hii sikuwa nayo nilipotoka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, mwaka 2025, kwenda Berlin kumjulia hali mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma uhandisi huko mchana na kuosha vyombo katika mkahawa usiku. Nilichukua shauku tu ya mwalimu mstaafu aliyesomesha jiografia na tarikh umri wake wote, akaichora ramani ya Ulaya ubaoni mara zisizo na idadi, na ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia, kabla macho hayajapungua nuru, kwenda kuyaona kwa hakika yale aliyokuwa akiyachora kwa chaki.

Wala Berlin haikuwa kwangu jina la ugenini mtupu. Pale Mkalama lipo boma lililojengwa na Wajerumani walipoitawala nchi hii, na babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa vijana waliobebeshwa mawe yake. Na kusini mwa mkoa, Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, waliweka kituo kingine, ambacho kilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani. Amri zilizotekelezwa ndani ya kuta hizo chimbuko lake lilikuwa Berlin, na mkutano ulioweka kanuni za kuzigawana nchi za Afrika ulikaa mjini humo tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, katika nyumba ya waziri mkuu mtaa wa Wilhelmstraße. Nyumba yenyewe haipo tena, na mahali pake pamesimamishwa bamba la maelezo, ambalo wapita njia wengi hulipita wakienda zao kazini.

Tena si mimi niliyekuwa wa kwanza katika watu wa lugha hii kwenda kuutazama mji huo. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikwenda kusomesha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, akaandika habari za maisha yake na za mambo aliyoyaona huko, zikachapwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner mwaka 1894. Baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwenye kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, aliyeoa mke wa Kijerumani, akataka kurejea naye nyumbani, serikali ya koloni ikakataa mke yule asishuke pwani, akarudi Ujerumani akakaa huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Na Selim bin Abakari alifika mbali zaidi, Urusi na Siberia, safari yake ikachapwa mwaka 1901. Nawataja mabwana hawa kwa sababu yako mazoea ya kudhani kwamba Mzungu ndiye mtazamaji na Mwafrika ndiye mtazamwa, ilhali wazee hawa, katika zama ambazo nguvu zote zilikuwa upande mmoja, walikaa na wino na karatasi wakawapima Wazungu kwa kipimo chao wenyewe, wakisifu la kusifiwa na kustaajabia la kustaajabiwa.

Mpwa wangu alinipokea kituoni akanishika miguu mbele za watu kama tulivyomlea, na kesho yake akaanza kunitembeza kwa utaratibu wa watalii wote. Tuliliona Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791 na ambalo tangu mwaka 1961 hadi 1989 lilikaa mpakani, ukuta umepita mbele yake usiruhusu mtu kupita. Tukaufuata mto Spree mpaka kwenye mabaki marefu ya ukuta ule, ambayo wachoraji wameyafunika kwa rangi. Tukapanda gari la moshi la chini ya ardhi, tukala mkate wenye nyama wa Waturuki ambao wenyeji wanaupenda kuliko vyakula vyao wenyewe. Hayo ni mambo ambayo mtu aweza kuyasoma popote, nami sina haja ya kuyarefusha. Yaliyonikaa moyoni ni machache.

La kwanza lilitokea katika kisiwa cha makumbusho, ndani ya jumba liitwalo Neues Museum. Humo, katika chumba chenye kuba, ndani ya kisanduku cha kioo kilichosimama peke yake, kimewekwa kichwa cha Malkia Nefertiti, ambacho Wajerumani walikifukua Misri mwaka 1912, na Wamisri hawajaacha kukidai. Watu wameingia makundi kwa makundi, sauti zimeshuka zenyewe, na kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu akainua simu yake. Papo hapo mlinzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaja kwa hatua mbili, akainua kiganja mbele ya simu ile, akatikisa kichwa. Katika majumba mengine ya kisiwa kile watu hupiga picha watakavyo. Malkia huyu, katika chumba chake, hapigwi picha. Nilisimama nikaitazama heshima ile, nikajiuliza ni nani mwingine katika mji huu anayelindwa na kiganja kama kile.

Jawabu la kwanza nililipata katika Jumba la Makumbusho ya Maumbile, mtaa wa Invalidenstraße, na halikunipendeza. Huko ndiko aliko yule ambaye sisi Watanzania humwita mjusi wa Tendaguru, mnyama wa kale asiye na mfano leo, ambaye mifupa yake imeunganishwa ikasimama kimo cha mita 13.27, na kichwa chake kikawa karibu na dari ya kioo. Ilifukuliwa katika nchi ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi mwendo wa siku nne mpaka bandarini, ikapakiwa meli. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa na jicho la kuutambua mfupa ungali ndani ya udongo, na wataalamu waliopata vyeo kwa kazi ile walimtegemea sana. Mbele ya mjusi yule watoto wa shule walikuwa wameketi sakafuni wakimchora kwa penseli. Nikawasogelea, nikauliza kwa Kiingereza changu cha ubaoni kama wanajua ni nani aliyemchimbua, nao wakanitajia, kwa furaha na kwa pamoja, jina la profesa. Sikuwalaumu, kwa kuwa mtoto hutaja alichotajiwa. Niliwaandikia jina la Boheti kwenye pembe ya karatasi ya mmoja wao, na mwalimu wao, bila kinyongo, akawaambia wote walinakili.

Ama jawabu la pili, lilinikuta Treptow, katika bustani kubwa kando ya mto, ambako mwaka 1896 yalifanywa maonyesho ya makoloni. Watu mia na sita waliletwa kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini-Magharibi, Afrika ya Mashariki na Guinea Mpya, wakajengewa vibanda kando ya bwawa, wakaamriwa kuishi humo mbele ya macho ya wananchi wa Berlin waliolipa kiingilio: wapike, wacheze, wavae mavazi ambayo wengi wao kwao hawakuyavaa. Walikuwamo Waswahili na Wamasai kutoka kwetu. Akaja na vipimo vyake mtaalamu aitwaye Felix von Luschan, kupima vichwa na viungo, na baadhi yao wakakataa. Na katika watu wa Kameruni alikuwapo mmoja, Kwelle Ndumbe, ambaye alifanya jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko hotuba nyingi: alinunua darubini ndogo, ya aina ile ambayo waungwana huitumia kutazamia michezo jukwaani, na kila umati ulipokuja kumtazama, naye aliiweka machoni akawatazama wao.

Jumba dogo la makumbusho la mtaa ule lilifungua mwaka 2017 maonyesho ya kudumu juu ya watu wale mia na sita, na maana ya jina la maonyesho hayo ni kwamba walitazama nao. Nilitumia alasiri nzima humo nikisoma majina. Kisha tukaenda kuketi kando ya lile bwawa, ambalo lingali pale, na mabata yake, na vijana waliolala majanini wakiota jua. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, mimi hapa nimepita mara nyingi nikiendesha baiskeli, wala sikujua." Nikamwambia kwamba ardhi haisemi yenyewe, husemewa, na kwamba wa kuisemea ni yule aliyejitia taabu ya kuuliza.

Sasa nije kwenye usiku, maana Berlin husifiwa kwa usiku wake kuliko kwa mchana. Upande wa magharibi wa mji uliondoa mwaka 1949 sheria ya kuzilazimisha baa na kumbi kufunga kwa saa maalumu, na haikurejeshwa ila kwa muda mfupi mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Na mwaka 2024 muziki wao wa tekno, ule wa mdundo mmoja usiochoka, uliandikwa katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni, pamoja na nyimbo na kazi za mikono za kale. Mwezi wa Juni jua huchelewa kuzama mpaka yapata saa tatu na nusu usiku, na hata baada ya hapo anga hubaki na weupe. Vijana hukaa madarajani na chupa zao, maduka madogo ya usiku huuza maji na sigara, na magari ya moshi, katika usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, hayalali.

Lakini usiku wa mji ule una tarikh yake, na mmoja wetu yumo ndani yake. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kuingizwa katika jeshi la Wajerumani angali mtoto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa, hakuipata, akabaki. Akafanya kazi ya kuhudumia meza katika jumba la starehe la Haus Vaterland, Potsdamer Platz, ambalo kila mkahawa wake ulipambwa mfano wa nchi: huu wa Kituruki, huu wa Marekani ya wachunga ng'ombe, na huu wa Mto Rhine, ambamo kwa saa zake taa zilipunguzwa, umeme wa bandia ukamulika, radi ikanguruma na mvua ikanyesha ndani ya nyumba, wateja wakakaa wakavu na glasi zao mikononi. Katika karamu hiyo ya nchi za bandia, mtu mweusi aliyebeba sinia alikuwa sehemu ya mapambo. Akasomesha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu nyingi, aghalabu kwa sura ya mtumishi. Na mwaka 1941 polisi wa serikali ya Hitler wakamkamata kwa sababu ya mahusiano yake na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Haus Vaterland iliungua vitani na magofu yake yakaja kubomolewa. Kilichosalia cha Husen barabarani ni kijiwe, upana wa kiganja, kilichofunikwa kwa bamba la shaba na kupachikwa mwaka 2007 kati ya mawe ya njia ya miguu, mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Tulikifikia saa nne za usiku, mpwa wangu akitoka kazini na mikono yake ikiwa bado imekunjamana kwa maji ya vyombo. Bamba lile halisomeki ila kwa kuinama, na mwenye kuinama huonekana kwa watu wote waliokaa mikahawani kama anayelisujudia jiwe. Nikainama, watu wakanitazama, nikasoma, nikainuka. Mkahawani, mtumishi aliyepita na sinia la glasi alikuwa kijana wa Kiafrika, tukaamkiana kwa kichwa. Hapo nikafahamu kwamba starehe za usiku, katika mji wowote, hubebwa na watu ambao mtalii hawahesabu miongoni mwa vitu alivyovitazama.

Usiku mwingine, kwa kunibembeleza sana, mpwa wangu alinipeleka katika ukumbi wa dansi, Kreuzberg, katika nyumba iliyokuwa ghala zamani. Nilidhani mabawabu wangecheka mvi zangu, wala hawakucheka. Mmoja wao, dada mwenye pete puani, aliniomba simu kwa adabu, akabandua kibandiko kidogo cha duara kutoka kwenye karatasi, akakibandika juu ya jicho la kamera la mbele, akakigeuza kifaa akabandika cha pili juu ya jicho la nyuma, akavikandamiza vyote kwa kidole gumba, akanirudishia simu yangu kwa mikono miwili. Nikamuuliza mpwa wangu maana yake.

"Humu, mjomba, mtu anacheza akijua hakuna wa kumpeleka mtandaoni," akanijibu. "Ukitaka kuona, utaona kwa macho yako. Ukitaka picha, unatolewa nje."

Nikakaa kwenye benchi na soda yangu. Mdundo ulikuwa mkali wa kutikisa mbavu, nami sikuupenda. Lakini niliona watu wa kila rika, kijana na mzee, mnene na mwembamba, wakicheza bila kujipanga kwa ajili ya jicho la mtu. Mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe, rika langu, akaja akaketi, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza habari za Singida: mawe makubwa yaliyoangikana kama yamepangwa, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai yaliyo mjini kwenyewe, alizeti, asali na kuku ambao wasafiri husimamisha mabasi wawanunue. Akauliza kama na sisi hucheza ngoma hadi alfajiri. Nikamwambia kwamba kwetu, baada ya mavuno, ngoma ilipopigwa, hakukuwa na mahali pa mtazamaji mtupu: aliyefika uwanjani ama alicheza, ama aliimba, ama alipiga makofi, na aliyesimama mikono kifuani aliulizwa ana msiba gani. Akacheka, akasema kwamba na humu ndani sharti ni lilo hilo.

Maneno yale yalinikumbusha jambo la ujana wangu, nilipokuwa nikisomesha karibu na Munguli, katika wilaya hii hii ya Mkalama, kuelekea bonde la Eyasi, wanakoishi ndugu zetu Wahadzabe, watu wa upinde, asali na mizizi ya porini, ambao lugha yao wataalamu hawajaipatia ndugu miongoni mwa lugha za dunia. Siku moja lilikuja gari la wageni na kiongozi wao. Wakawaomba wenyeji wavute pinde, wakavuta. Wapekeche moto kwa kijiti, wakapekecha. Wacheze, wakacheza, na kamera zikalia muda wote. Walipokuwa wanapanda gari, mzee mmoja wa Kihadzabe alimwendea kiongozi akitaka amuulizie mgeni mmojawapo maswali mawili, kwamba je, ana watoto, na kwao hula nini. Kiongozi akatazama saa yake, akasema muda umekwisha, gari likaondoka. Yule mzee akanigeukia mimi, mwalimu mwenye kaptula, akayauliza maswali yale yale kana kwamba nami nimetoka Ulaya, nami sikuwa na la kumjibu.

Nikiuweka mkasa huo kando ya yale niliyoyaona Berlin, naona kwamba mji ule umeijua adabu ya kutazama, ila umeijua kwa mafungu. Malkia wa jiwe analindwa na kiganja cha mlinzi, na mchezaji wa usiku wa manane analindwa na kibandiko, kwa kuwa imekubalika kwamba wana haki ya kutogeuzwa tamasha bila ridhaa yao. Lakini haki hiyo hiyo watu mia na sita wa Treptow hawakupewa, na yule wa darubini ilimbidi ajitwalie mwenyewe. Haifai, hata hivyo, kuwahukumu wao tukajisamehe sisi, maana gari lile la Munguli lilikuwa na namba za Tanzania, na kiongozi aliyetazama saa alikuwa Mtanzania mwenzetu.

Tena nimeona kwamba mji husahihisha macho yake, pale watu wake wanapong'ang'ania. Katika mtaa wa Wedding, ambako njia nyingi zina majina ya Afrika, Tanga, Usambara, Zanzibar na Uganda, ilikuwapo barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu; baada ya miaka mingi ya ubishi, mwezi wa Agosti 2024 sehemu yake moja ikapewa jina la Maji Maji. Nilipita humo asubuhi, nikamwona mama mmoja akisukuma kigari cha mtoto chini ya kibao kile. Mtoto yule, akikua, atauliza jina la barabara yao limetoka wapi, na huenda akajibiwa.

Kwa vijana wetu watakaosafiri, nawausia mambo matatu. Kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kuinua kamera, na mkinyimwa msinung'unike. Pili, kwa kila kitu mtakachoonyeshwa, ulizeni aliyekichimba, aliyekibeba na anayekifuta vumbi, mkalitaje jina lake. Tatu, mkubali kutazamwa na kuulizwa, na mjibu kwa ukamilifu, kwa sababu mgeni asiyejibu maswali ni mpelelezi. Na kwa ndugu zetu wa Mkalama, ambao sasa wanatamani wageni waje kulizuru boma na kuwazuru Wahadzabe, usia wangu ni huu: kabla ya kupanga bei ya kiingilio, pangeni muda wa maswali, wa pande zote mbili, na muda huo uwe mrefu kuliko wa picha. Kiongozi atakayefasiri maswali ya mzee wa Munguli hadi la mwisho, hata kama gari litachelewa kufika hotelini, huyo ndiye mnayestahili kumlipa.